Mayowe ya Baiskeli ya Brashi

Mhariri alikuwa amelikunjua gazeti lote juu ya meza ya kahawa, vikombe vya watu kavisukumia pembeni. Mtu huyu hajawahi kuhariri hata barua. Anauza viatu vya mtumba ng'ambo ya barabara. Lakini gazeti likishafika kijiweni, ole wake atakayeligusa kabla yake.

"Sikilizeni, enyi wananchi! Wataalamu wamegundua kelele zinafupisha maisha."

"Basi mimi ni marehemu," akasema Gunia, mlinzi wa ghala, ambaye akikaa upande mmoja wa benchi, wa upande wa pili huinuka. "Nyumbani kuna redio mbili na mama mkwe."

"Wataalamu gani hao?" Spana akadakia. Spana hutengeneza cherehani, ila kwa maelezo yake hakuna chombo duniani kisichomwamkia. "Wangekuja wampime Gunia akinywa kahawa!"

Kicheko hakijaisha, mayowe yakashuka kutoka juu ya mteremko. Iiiiiiiii! Mbwa wa fundi seremala akatimka. Dada wa kahawa akakumbatia birika lake. Kumbe ni Brashi, fundi wa kupaka rangi nyumba, anafunga breki za baiskeli yake mpya nyekundu.

"Hapo nimepoteza mwaka mzima!" Gunia akalalamika.

"Brashi, ni breki za diski hizo, au umefungia paka humo?" Mhariri akauliza.

Brashi hakucheka. Baiskeli hii aliinunua kwa jambo moja tu: kumpeleka mkewe kwenye kiwanda cha kushona nguo, amekaa kwenye keria kama malkia. Alimpakia mara moja. Kwenye njia panda akabana breki, watu wote wa kituoni wakageuka. Mke akashuka, akakung'uta sketi, akasema, "Siku kitu chako hiki kikifunga mdomo, niite."

"Leo asubuhi kapanda pikipiki ya jirani," Brashi akasema. "Nimeona kwa macho yangu. Anacheka."

Watu wakamsogelea. Hata gazeti lilikunjwa.

"Jirani yupi?"

"Yule wa miwani ya jua."

"Anayeivaa hata ndani?"

"Huyo huyo."

"Aisee!" Gunia akasema. "Kaka, maisha yanayofupishwa ni yako."

Spana akasimama, akachomoa kikopo cha mafuta ya cherehani. "Chombo kikilia kina kiu. Kinyweshe."

"Mafuta kwenye breki?" dada wa kahawa akauliza.

"Dada, mimi nimewahi kukuingilia kwenye sukari?"

Akadondoshea diski ya mbele, lile bamba la chuma linalobanwa na breki, akadondoshea ya nyuma. Brashi akazungusha gurudumu, akabana. Kimya. Watu wakapiga makofi. Akaikokota baiskeli hadi juu, akaipanda, akashuka nayo kifua mbele, mkono mmoja unapunga kama mgeni rasmi. Akabana breki. Kimya kitupu. Na baiskeli inakuja tu.

"Simama!"

"Nasimama!"

"Mbona unapita?"

Akalipita benchi, akavipita viatu vya Mhariri, akazama kwenye rundo la maranda la seremala. Likabaki gurudumu moja linazunguka nje, polepole, bila sauti.

"Lakini haikulia," Spana akasema. "Hatua ya kwanza imefaulu."

Brashi akaibuka na maranda kwenye nyusi. "Spana, nitakupaka rangi ukiwa hai!" Mara akaitazama diski inavyometameta, akashika kichwa. "Jamani... Ukuta wenye mafuta haushiki rangi. Nawaambia wateja kila siku! Na hapa pedi za kubania diski zitashika nini?"

"Ila mayowe yalianza kabla ya mafuta yangu," Spana akajitetea.

Brashi akashusha sauti. "Kila asubuhi huwa naifuta na ile dawa ya mafuta ya kung'arishia milango. Fremu, ringi... na diski."

"Umepaka breki manukato!" Gunia akapiga kelele.

"Ilikuwa inapendeza!"

Akafungua mfuko wa kazi, akatoa spiriti na kitambaa safi, akasugua diski mpaka kitambaa kikatoka kama kilivyoingia. Pedi zilizolewa mafuta akazitupa, akafunga za akiba zilizokuja na baiskeli. Spana aliamriwa kuweka mikono mifukoni.

"Mikono sawa, mdomo huru," Spana akasema. "Pedi mpya huzoeshwa. Kimbia, bana, achia. Rudia. Na nyuma uwe na mzigo mzito."

Hakuna aliyetaka kumwamini, lakini Brashi alikumbuka muuzaji wa baiskeli naye alisema hivyo. Macho yote yakamgeukia Gunia.

"Mimi ni mtu wa usalama," Gunia akasema.

"Kaka, ni ndoa ya mtu hii!"

Gunia akapanda, tairi likahema. Wakaushuka mteremko na kuupanda, wakaushuka tena. Mwanzo breki zilikwaruza, kisha zikanong'ona, kisha zikakamata kimya, tumbo la Gunia likimgandamiza Brashi mgongoni.

"Usinikumbatie!"

"Nishike nini, hewa?"

Safari ya mwisho waliteremka mpaka chini kabisa, barabara ya kiwandani. Brashi akaona sketi ya buluu. Mkewe, anarudi kutoka kazini kwa miguu! Akamfuata mbio, akabana, akasimama ubavuni mwake. Mke akageuka, akaruka, mkoba ukatua kichwani kwa Gunia.

"Mnanyatia watu njiani kama wezi!"

"Mke wangu, imenyamaza."

Mke akaitazama baiskeli, akamtazama aliyemshika mumewe kiunoni. "Na wewe shemeji, umepanga kwenye kiti changu?"

Gunia akateremka kwa adabu. Brashi akashindwa kujizuia. "Na yule wa pikipiki?"

"Yule! Njia nzima anampigia honi kila anayemjua. Nilicheka kwa aibu. Mpaka sasa masikio yanavuma." Akakaa upande, mkoba mapajani. "Haya, nipeleke nyumbani."

Brashi akaanza kuupanda mteremko, jasho linamtiririka, uso unang'aa. Usawa wa kijiwe baiskeli ikapunguza mwendo, ikayumba, ikasimama kabisa.

"Achia breki!" Spana akaita.

"Sijazishika!" Brashi akajibu, akihema.

Gunia, aliyekuwa anafuata kwa miguu, akatua mikono yake mipana kwenye keria, akaanza kusukuma.