Waraka wa Ulaini wa Foleni

Kwa niaba ya Idara ya Huduma za Haraka, na kwa idhini niliyopewa kwanza kwa maandishi na baadaye kwa simu, natangaza kwamba foleni ya Dirisha Namba Tatu imekuwa foleni ya kwanza kurekodiwa kutoka angani, asubuhi mpaka jioni, bila picha kutikisika hata kidogo. Mengi yamesemwa mitaani kuhusu filamu hiyo. Mimi ni Katibu wa Kamati ya Ulaini, nilikuwepo tangu mwanzo, na ninaandika haya kuweka kumbukumbu sawa, maana mtaani watu hawajui kutofautisha uzembe na utaratibu.

Jambo lilianza Jumatatu, Mkurugenzi Mkuu alipopata taarifa kwamba Waziri angetutembelea Ijumaa. Kulikuwa na malalamiko. Wananchi walidai foleni yetu haisogei. Mkurugenzi alifumba macho, kama afanyavyo siku zote anapotafakari, akakaa hivyo robo saa nzima. Alipoyafumbua alikuwa na jibu: foleni ionyeshwe ikisogea. Suala la kuisogeza lingeshughulikiwa na kamati nyingine.

Akaitwa rubani wa droni. Alikuwa dada mmoja mkimya, aliyezoea kupiga picha za harusi na za viwanja vinavyouzwa. Alikuja na begi limejaa betri. Alitueleza kazi yake palepale mezani, akitumia kifuniko cha kalamu badala ya droni.

"Naipeleka taratibu sana," alisema, akikisogeza kifuniko kiasi kwamba sisi hatukuona kama kinasogea. "Kwa dakika moja inakwenda nusu hatua. Kila sekunde nne inapiga picha. Betri ikikaribia kwisha naishusha, naweka nyingine, nairudisha palepale ilipoishia. Jioni nazipanga picha zote. Siku nzima inaingia kwenye dakika tano. Mawingu mtayaona yanakimbia."

"Na foleni?" aliuliza Mkurugenzi.

"Nayo itakimbia, kama inasogea."

Maneno mawili ya mwisho Mkurugenzi hakuyachukua. Alikuwa bado ameng'ang'ania ya mwanzo.

"Ngoja kwanza. Unasema ukienda taratibu, inaonekana haraka?"

"Kwenye picha, ndiyo bosi."

"Na ukienda haraka?"

"Picha zinarukaruka. Zinaumiza macho."

Mkurugenzi akatugeukia sisi wakuu wa vitengo. "Mmesikia wenyewe. Miaka yote hii tumekuwa tukikosea. Tulikuwa tunaharakisha."

Hakuna kati yetu aliyekumbuka ni lini tuliharakisha, lakini ilikuwa lawama ya heshima na tuliipokea kwa kuinamisha vichwa.

"Bosi," rubani akasema, "inayokwenda taratibu ni droni. Watu inabidi wasogee kama kawaida. Zaidi ya kawaida, ikiwezekana."

"Dada, wewe ni mtaalamu wa huko juu. Huku chini tuachie wenyewe."

Kufikia jioni Kamati ya Ulaini ilikuwa imeundwa ili pasiwepo cha kutikisika, si picha wala foleni, wajumbe tisa, mimi katibu. Waraka nikauandika mimi. Ulisema kwamba kuanzia siku ya zoezi karani wa Dirisha Namba Tatu atahudumia mtu mmoja kila nusu saa, ili kazi ionekane ya kasi. Kwamba aliye kwenye foleni hataruhusiwa kujikuna, kuegemea ukuta wala kugeuka kumtazama anayemsukuma. Kwamba muhuri hautagongwa bila kengele, na kwamba ikipigwa, na ni Katibu pekee atakayeipiga, foleni nzima itasogea hatua moja kwa mguu wa kushoto. Na kwamba Mkurugenzi Mkuu atakaa kwenye dirisha lake la kioo, ghorofa ya juu, akiwa kazini, kwa sababu safari ya droni ingeishia hapo. Mkurugenzi akaongeza kwa mkono wake kwamba waraka huu hautafutwa ila na Mkurugenzi Mkuu mwenyewe.

Hapa lazima nitaje jambo la kifamilia, ingawa kanuni zinanikataza. Kwenye foleni hiyo alikuwamo mama mkwe wangu.

Mama mkwe ni fundi cherehani. Kwa miaka thelathini ameshonea kwenye vibaraza vya maduka ya watu, na kila mwenye duka alipochoka kumwona, alibeba cherehani yake akahama. Mwaka huu jina lake likatokea kwenye orodha ya soko jipya, kibanda namba kumi na saba, chenye paa na mlango. Fomu yake ilihitaji muhuri wetu, irudishwe sokoni kabla ya Ijumaa saa tisa alasiri. Ikichelewa, kibanda kinakwenda kwa anayefuata kwenye orodha. Alianza kuja Jumatatu. Tangu Jumanne mke wangu alikuwa akinisemesha kupitia watoto.

Alhamisi asubuhi nilimkuta amesimama katikati ya foleni, wa thelathini na moja kutoka dirishani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe. Nasikia huu waraka umeuandika wewe."

"Nimeuandika kwa niaba, mama."

"Umeandika vizuri, hauna kosa. Sasa kesho saa tisa ndiyo mwisho wangu. Nikikosa nikashonee wapi? Sebuleni kwako?"

"Zoezi likiisha kila kitu kitakwenda haraka, mama. Ni mambo ya kitaalamu."

"Ya kitaalamu." Alifungua mwavuli wake wa njano. "Haya, baba. Nipishe pembeni, unanizibia hiyo droni yenu."

Nilijisikia vibaya sana. Naliandika hili kwa sababu kumbukumbu lazima ziwe kamili.

Zoezi lilianza saa mbili kamili. Droni ilipanda, ikatulia juu ya barabara, ikaanza kuja getini kwa mwendo ambao ungeweza kwenda kunywa chai ukairudia pale ulipoiacha. Rubani alisimama kivulini, vidole gumba viwili juu ya kidhibiti, hapepesi macho. Dirishani, karani alipokea fomu ya kwanza, akaisoma, akaigeuza, akaisoma upande usioandikwa kitu. Alikuwa kijana mwepesi wa mikono kwa kawaida, na siku ile alitokwa jasho kwa kujizuia. Baada ya nusu saa nikapiga kengele. Muhuri ukagonga. Foleni ikasogea kwa mguu wa kushoto.

Kufikia saa kumi tulikuwa tumehudumia watu kumi na sita. Mama alibakiza kumi na wanne mbele yake. Hakuwa amejikuna wala kuegemea. Mkurugenzi alishuka, macho mekundu kwa kutafakari, akaangalia picha kwenye kioo cha kidhibiti cha rubani.

"Nani huyu wa mwavuli? Mbona hatikisiki?"

"Ni mama mkwe wangu, bosi."

"Safi kabisa! Kesho aje ukumbini. Tutampa Cheti cha Mwananchi Laini mbele ya Waziri."

"Bosi, ana fomu pia, inahitaji muhuri. Kesho saa tisa ndiyo..."

"Katibu. Tukimpitisha kwenye fomu ni upendeleo. Kwenye cheti ni motisha."

Niliiona hoja yake. Nyumbani nilipoieleza, mke wangu alimwambia mtoto wetu wa kwanza aniambie chakula kimeisha.

Ijumaa saa nne ukumbi ulijaa. Waziri alikaa mbele, waandishi wa habari pembeni, mama mstari wa pili na mwavuli wake mapajani. Taa zikazimwa, filamu ikaonyeshwa ukutani. Lazima niseme ukweli wangu: filamu ilikuwa nzuri. Picha zilitiririka, hazikutikisika popote. Mawingu yalikimbia kweli. Vivuli vilihama ukuta hadi ukuta. Ng'ambo ya barabara mafundi watatu walianza msingi, wakanyanyua ukuta, wakaupiga lipu, wakakusanya ndoo na kuondoka. Paka alipita mara nne. Foleni ilikuwepo pia. Kila baada ya muda mrefu watu walishtuka hatua moja mbele, kisha wakakauka tena, na katikati yao mwavuli wa njano, kama umepigwa msumari.

"Ule ukuta," Waziri aliuliza gizani, "ni mradi wetu?"

"Ni wa mtu binafsi, mheshimiwa," nikajibu.

"Aha. Na kile cha njano ni nguzo?"

"Ni mama mkwe wangu, mheshimiwa."

Kisha droni ikaanza kupanda kuelekea ghorofa ya juu. Dirisha la Mkurugenzi lilikuwa likionekana kwa mbali tangu mwanzo. Sasa lilikuja karibu, likajaza ukuta mzima wa ukumbi. Mkurugenzi alikuwa kazini, kalamu mkononi, kidevu kifuani. Kikombe cha chai kililetwa, kikaondolewa kimejaa. Kikaletwa kingine. Jua lilimwanzia shavu la kushoto, likapanda puani, likateremkia shavu la kulia, na yeye hakusogea hata kope. Katika siku nzima iliyorekodiwa, ndiye pekee aliyemshinda mama kwa ulaini.

Taa zikawashwa. Mtu mmoja nyuma alikohoa.

"Nilikuwa natafakari," alisema Mkurugenzi, akasimama haraka kuliko nilivyowahi kumwona. "Mheshimiwa, tuendelee na cheti!"

Karani akaingia na muhuri juu ya mto mwekundu. Mkurugenzi akasoma jina la mama, karani akagonga. Pa! Cheti kikakabidhiwa, watu wakapiga makofi ya mashaka. Mama hakuondoka jukwaani. Alikitazama kile cheti, akakigusa wino kwa kidole.

"Naomba kuuliza. Muhuri huu ndio ule wa Dirisha Namba Tatu?"

"Ndio huohuo, mama," Mkurugenzi alisema kwa fahari. "Idara nzima tunao mmoja tu."

"Basi kwa kuwa umekuja wenyewe..." Alifungua mkoba, akaitoa fomu iliyokunjwa mara nne, akainyoosha juu ya mto mwekundu. "Nipigieni na hapa."

"Mama, hiyo ina utaratibu wake."

"Utaratibu nimeufuata siku nne. Jana nilisimama hapo chini mpaka miguu ikavimba, na ushahidi mmeupiga wenyewe, nipo humo toka mwanzo hadi mwisho. Leo saa tisa wanampa mtu mwingine kibanda changu. Kwenye cheti hiki siwezi kushonea."

Waziri alitazama kamera za waandishi, zikamtazama na yeye. "Mpigie," alisema.

Karani alinyanyua muhuri, akasita. Alimwangalia Mkurugenzi, kisha akaniangalia mimi. Nilimwelewa. Waraka ulikuwa wazi kwamba hakuna huduma bila kengele, na kengele ilikuwa mfukoni mwangu. Mkurugenzi alinitikisia kichwa, hapana. Miaka kumi na tisa nimemtumikia bwana yule, na sijawahi kumvunjia agizo.

Nikaitoa kengele, nikaipiga.

Pa!

"Sekunde mbili," alisema rubani kutoka kona yake. Droni haikuwa hewani, lakini kamera ya mkononi alikuwa ameiwasha. "Hii niiongezee kasi, mheshimiwa?"

"Iache ilivyo," alisema Waziri.

Mama alikuwa ameshafika mlangoni. Sokoni aliingia saa saba na nusu.

Picha ile ya sekunde mbili ilifika kwenye simu za watu wote kabla ya jioni. Jumatatu Waziri aliagiza uchongwe muhuri wa pili, ukawekwa kwenye meza getini, na wananchi sasa wanapigiwa wakiwa bado wanatembea. Dirisha Namba Tatu limebaki kwa ajili ya watumishi wa idara tu. Mkurugenzi naye amehamishiwa kituo cha mbali kutunza majalada, na barua yake ya uhamisho, kama barua zote za watumishi, haina nguvu mpaka igongwe muhuri dirishani hapo. Waraka bado unatumika. Wa kuufuta ni Mkurugenzi Mkuu peke yake, na kwa sasa hatuna.

Bwana yule yuko kwenye foleni, wa ishirini na tatu. Mbele yake wamo wajumbe wanane wa Kamati ya Ulaini, nao wana barua zao za uhamisho. Jua la saa nane linawapiga moja kwa moja, kwa hiyo mama amemtumia mwavuli wa njano, kwa sharti aurudishe kibanda namba kumi na saba akimaliza. Jana bosi aliniita kwa sauti ndogo.

"Katibu, ndugu yangu, huwezi kunisaidia kidogo? Unanijua mimi."

"Nakujua, bosi. Ndiyo maana naogopa ionekane upendeleo."

Nilitazama saa. Nusu saa ilikuwa imetimia. Nikapiga kengele, naye akasogea hatua moja, kwa mguu wa kushoto.