Barua Yangu Iliyofukuza Mbuzi Wangu wa Ntheo

Leo nimepewa onyo la kwanza na mimi mwenyewe. Mbele ya wakwe!

Ngojeni niwaeleze vizuri.

Mimi ndiye katibu wa chama cha wenye nyumba, estate yetu hapa mjini Wote. (Sina nyumba. Nimepanga chumba kimoja. Walinichagua kwa sababu nina simu nzuri na sijui kukataa.) Kazi yenyewe ni kuandikia watu barua: takataka, mbwa, muziki. Na roho yangu ni laini, siwezi kumkemea mtu. Kwa hivyo miezi miwili sasa AI ndiyo inanisaidia. Inasoma malalamiko kwa group ya estate, inatafuta sheria iliyovunjwa, inaandika barua, jina langu linakaa chini. Yangu ni kusoma tu, halafu kuiruhusu itume.

Leo asubuhi nikaiambia itume yenyewe, nisisumbuliwe. Leo ilikuwa siku ya ntheo yangu!

Kwa wasio Wakamba: ntheo ni mbuzi watatu unaowapeleka kwa wazazi wa msichana. Wakipokelewa, una mke. Wakirudishwa, rudi kwenu ulale.

Mwende wangu anaishi nyumba namba saba, estate hiyo hiyo. (Nilimjua nikiwapelekea barua ya takataka. Hiyo niliiandika kwa mkono.)

Saa nne wajomba zangu wakafika kutoka Tawa na pickup. Mbuzi watatu, wanono! Tukawafunga kwa fensi, tukaingia. Suti ya kuazima ilikuwa inanibana mabega, lakini nilijiona waziri. Chai ikaletwa. Mjomba Kioko akaanza kusifu ukoo wetu. Alipofika kwa bidii yangu, simu ya Baba Mwende ikalia. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti, polepole, kama mzee wa kanisa:

"Kwa mkazi wa nyumba namba saba. Mbuzi watatu wameonekana kwenye fensi yako. Sheria ya tisa hairuhusu mifugo. Tafadhali warudishwe walikotoka kabla ya saa nane mchana. Asante kwa ushirikiano wako. Mutinda, Katibu."

Mjomba Kioko akamgeukia Baba Mwende, kikombe mkononi.

"Mutinda ni nani?" mjomba akauliza. (Mjomba! Na umenijua tangu nizaliwe!)

"Ni huyu," Mama Mwende akasema, akinionyesha kwa kijiko.

Nikaandika haraka kwa group: "Jamani, hao mbuzi ni wangu, nimewaleta mimi." Nilifikiri naokoa mambo. Simu ikalia tena. Baba Mwende akasoma tena.

"Asante kwa kukiri. Mwenye mbuzi ametambuliwa. Mutinda, hili ni onyo lako la kwanza. Mutinda, Katibu."

Mjomba Kioko alicheka hadi chai ikamtoka puani. Mwende hakucheka. Alikuwa amesimama mlango wa jikoni na leso yake mpya.

"Kwa hivyo umeandika warudishwe?" akauliza. Sauti ndogo. Aki, hapo nikaumia.

"Si mimi, ni mashine!"

"Mashine ndiyo inaoa?" Baba Mwende akauliza.

"Hapana, mzee."

"Uliiambia leo ni ntheo?"

"Hapana."

"Uliiambia mbuzi ni marufuku?"

"Ndiyo."

"Basi imekutii kuliko vile watoto wangu wananitii. Kosa ni la nani?"

Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa kuangaliwa vibaya, nikatafuta kitu kisicho na uso kiangaliwe badala yangu.

Mara tukasikia sauti kwa dirisha. Ni jirani wa namba sita, mwalimu mstaafu, yule aliyelalamika kwa group. "Jamani, sikujua ni ntheo! Niliona tu wanakula sukuma wiki yangu. Mutinda, ungekuja ukaniuliza, ningewachumia yote!"

Ungekuja. Hilo neno limenikaa.

Baba Mwende akakunja miwani. "Mbuzi hawajarudi, na hawajapokelewa. Nyumba ziko ishirini na mbili. Nenda mlango kwa mlango, na mdomo wako, uombe mbuzi wakae hadi kesho niwapeleke shamba Kalamba. Na uende na mbuzi mmoja, watu wamwone."

Basi nikaenda. Suti, jua la saa sita, na mbuzi anayegoma kila geti. Namba kumi na moja walimpa maji. Mbuzi, si mimi. Namba kumi na nne, mama mmoja alinitazama kutoka kichwani hadi viatuni: "Mwanangu, umeniandikia barua nne na sijawahi kuona uso wako. Kumbe unajua kutabasamu!"

Wote walikubali. Wote! Wengine walinisindikiza hadi geti linalofuata, wakicheka.

Nikarudi nimelowa jasho. Mwende ndiye alitoka. Akachukua kamba mkononi mwangu, akamfunga mbuzi kwa fensi yao. Akapiga fundo. Akaliangalia, akapiga la pili.

Nafikiri nimeoa.

Msinicheke. Na kama ni lazima, msichekee kwa group ya estate. Bado sijajua vile hiyo AI inazimwa, na niko na onyo moja tayari.