Chupa ya Hamira Mbele ya Mkwe

Jamani, leo nimeaibika hadi sina pa kuweka uso. Nawaambia mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine.

Mnalijua tangi langu la samaki, lile la kioo aliloniachia Mzungu wa maabara mkataba wake ulipoisha. Samaki wazima, ila majani ya ndani yalikuwa yananyauka. Kitabu kikasema yanataka hewa ya ukaa. Vifaa vyake vinauzwa Ulaya. Mimi niko Kihesa! Nikaamua kutengeneza vyangu (si mwalimu wa sayansi?): chupa kubwa, maji ya vuguvugu, sukari, hamira ya kuichachusha itoe hewa hiyo, kizibo cha mpira na mrija wa kupeleka mapovu ndani ya tangi. Mwisho wa mrija nikabana pamba, mapovu yatoke madogo madogo.

Asubuhi nikafunga mtambo. Kimya. Baridi ya Iringa mnaijua, hamira ililala. Nikasogeza chupa karibu na jiko la mkaa. Nikaongeza hamira. Nikamalizia na sukari yote, ile niliyoipangia foleni kwa ajili ya chai ya wageni. (Cheka wewe. Zamu yako itafika.)

Mgeni mwenyewe ni baba yake Tumaini, mchumba wangu. Mwinjilisti wa Mbalizi, kule Mbeya. Kapanda basi pamoja na binti yake kuja kuona nyumba atakamoolewa binti. Na pombe, kwa mzee yule, ni shetani mwenyewe kwenye kibuyu.

Wakafika mchana. Nimevaa suruali mpya ya bugaluu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwalimu."

Akachagua kiti cha karibu na jiko. Akalitazama tangi, akatabasamu. "Kazi ya Mungu hii." Moyoni nikasema, nimeshaoa!

Kisha akanusa.

"Mwalimu, humu ndani kuna pombe?"

"Hapana baba. Ni hewa ya majani."

"Majani gani yananuka ulanzi?"

Nikafungua mdomo nieleze. Kumbe pamba imeshaziba mrija. Paa! Kizibo kikapiga dari. Povu likamwogesha mzee kuanzia upara hadi koti lake jeusi la ibada. Nikairukia chupa niielekeze kwingine. (Kwingine kwenyewe kukawa ndani ya tangi.) Maji yakawa kama togwa. Samaki wakapanda juu wakitweta, midomo wazi, mmoja kalala ubavu.

Mzee akajifuta uso taratibu kwa leso.

"Hata samaki umewalewesha."

Nikaapa sijawahi kuonja pombe maishani. Ni kweli, nanyi mnajua! Nikamletea kitabu. Hakukigusa. Nikamgeukia Tumaini anitetee. Kajifunika uso kwa kitenge, mabega yanatikisika.

"Ona," mzee akasema, "umemliza mwanangu."

Alikuwa halii. Nilimwona jicho. Alikuwa anacheka hadi pumzi zinamkatika, na hakutamka neno.

Wakatoka bila hata chai. Mlangoni mzee akasema posa yangu itarudi kwa mshenga, nami nitafute mke kilabuni.

Sasa napiga deki. Sebule nzima inanuka kama msiba wa walevi.

Nimeshachekwa na mmoja, tena yule niliyetaka kumwoa. Ninyi wengine, nawasihi, nyamazeni.