Jiko la Seli na Mdomo wa Dady

Habari ilitoka redioni saa ya mikate, wakati Mama Germaine, muuzaji wetu wa kahawa na mikate, anatoa ya kwanza kwenye mafuta na sisi wa benchi tunaigombania kama kiti cha bunge. Mtangazaji alisema binti wa Kisangani, docteur Chimène, anayechunguza namna seli za mwili zinavyoongoza utengenezaji wa protini, atatueleza kila kitu. Docteur akaanza polepole:

"Ndani ya seli kuna ujumbe. Unabeba amri ya kupika protini, unaenda mpaka jikoni. Lakini ujumbe kufika jikoni si kusema chakula kitapikwa, kwa sababu..."

Courant ikakatika, redio ikazima.

Benchi zima la mtaa wetu wa Kabondo liliguna kama tumefungwa bao dakika ya mwisho.

"Kwa sababu makala ya kuwasha jiko imeisha!" akamalizia Juma. Huyu tunamwita Haut-Débit, yaani internet ya kasi. Alitoka Kindu, anauza mégas za simu, lakini mdomo wake hauna haja ya réseau.

"Kwa sababu mupishi ameenda kwa matanga," akasema Mama Germaine bila kuinua macho.

"Kwa sababu..." Dady naye akafungua mdomo.

"Shiii!" Tonton Zacharie alimziba kwa kiganja kizima. "Weye uko fiancé. Fiancé haongeaka. Miye njo porte-parole."

Hapo nieleze kidogo. Kwetu kijana akienda kuposa, hasemi mbele ya wakwe. Anakaa, anaangalia viatu vyake, na porte-parole wa familia anamsemea. Tonton Zacharie, tunayemwita Micro, yaani kipaza sauti, amesemea nusu ya ndoa za mtaa huu, na nusu nyingine anasema zimevunjika kwa sababu hakuitwa. Lakini kwa Dady, mtoto wa dada yake, alivuka mto bila pirogue, alizidisha. Wameenda kwa wakwe huko Makiso mara tatu, na Dady hajakohoa. Tena Micro akaamua kwamba kunyamaza kunataka mazoezi: hata barabarani, hata kwenye benchi, Dady afunge mdomo mpaka siku ya ndoa. Dady ni motard, anabeba watu kwa moto, yaani pikipiki. Siku hizi abiria akimuuliza njia, anajibu kwa honi.

Matokeo yake, baba ya Sandrine, yule binti mwenyewe, ameanza kuuliza kama kijana ni bubu. Akasema leo atamtuma dada mkubwa wa Sandrine aje kumtazama kwa macho yake, na atakachorudi nacho huyo dada, ndicho kitakachokata maneno. Na dada mkubwa wa Sandrine ni nani? Ni huyo huyo docteur Chimène wa redioni.

"Atakuja na mitego ya science," Micro akaonya. "Bon. Tutengeneze majibu. Protéine ni nini?"

"Ni mpose, funza ya mchikichi," Juma akajibu mbio. "Ni maharagi. Ni samaki ya mutoni. Kumbe seli inajipikia yenyewe? Alors batu ya soko bamekwisha!"

"Mwili yako inapikaka nini, Juma?" akauliza Mama Germaine. "Miye ninaona inatoa tu kelele."

"Mama, heshima kwa jiko ya mwenzako!"

"Mukubali au mukatae," akasema Micro, "seli ni sawa na bureau. Ujumbe ni dossier. Imefika, bafanyakazi bako, kalamu iko."

"Na kazi haitembei," Juma akadakia, "juu chef amekalia dossier!"

"Chef hakalii! Chef anapima!"

"Anapima na matako?"

Tukacheka mpaka Dady akatikisika mabega, mdomo kafunga, machozi yanamtoka. Ni hapo hapo yaya Chimène, dada mkubwa mwenyewe, akatokea kwa miguu, viatu vimejaa vumbi la Kabondo.

"Jambo yenu."

"Jambo docteur!" Juma akaruka. "Si uko ndani ya redio?"

"Walinirekodi jana." Akachukua kigoda mbele ya Dady. Micro akajisukuma haraka, akaketi katikati yao. "Dady, uko muzima?"

"Iko muzima sana," Micro akajibu.

"Kazi ya moto inaendelea?"

"Inaendelea vizuri. Barabara njo haiendelei."

"Dady, unakunywa kahawa na sukari?"

Micro akafikiri kidogo. "Familia yetu inakunywaka bila sukari."

Dady, ambaye glasi yake ina sukari ya kuzamisha kijiko, alimtazama mjomba wake kwa huzuni. Akafungua mdomo. Micro akakohoa. Dady akaufunga.

"Docteur," nikasema ili kuokoa hali, "courant ilikatika pale 'kwa sababu'. Tumekwama hapo tangu asubuhi."

Chimène akacheka. Akachukua mkate, akauinua.

"Chachu kama hii ya Mama Germaine njo ninachunguza. Ndani ya seli yake ujumbe umefika, wapishi wako, moto inawaka. Lakini kuna protini moja inakuja, inajibandika juu ya ujumbe. Wapishi hawawezi kuusoma. Basi hakuna kinachopikwa."

"Niliwaambia! Chef de bureau!" Juma akapiga paja.

"Na anafanya vizuri!" Micro akainua kidole. "Bila mulinzi, jiko inakuwa désordre, fujo tupu. Mdomo uliponza kichwa."

"Ni kweli, tonton," Chimène akakubali. "Iko na kazi yake. Ikiachia mapema, seli inapika hata isichohitaji. Lakini wakati ikifika, inapaswa kushuka. Isiposhuka, seli inaweza kufa na njaa, na ujumbe iko pale pale mukononi."

Mama Germaine akamtazama Micro. Juma akamtazama Micro. Mimi nikamtazama Micro.

"Munaniangalia nini?" akauliza Micro. "Miye niko chachu?"

"Tonton, miye niko na microscope, na bado inanichukuaka myaka kumuona huyo mukalia-ujumbe," akasema Chimène. "Hapa nimemuona na macho."

"Asante sana, docteur," Micro akajibu, ameridhika, akainamisha kichwa kidogo.

Chimène akavuta pumzi. "Sikiliza. Papa haulizi Dady iko na nini. Anauliza tu: iko na sauti?"

"Iko na sauti nzuri sana! Nzito! Utafikiri cathédrale!"

"Tonton, kwa nyumba yetu batu banasema labda ni weye unaoa."

Juma alimwaga kahawa. Mama Germaine akageuka kuficha meno. Chimène akasimama, akajipangusa vumbi.

"Basi. Dady, nipeleke Makiso. Nitamwambia papa nilichoona."

Sote tukaelewa alichoona: hakuna kitu. Dady akawasha moto, uso umemsawijika kama mtu anayeendesha jeneza lake mwenyewe. Chimène akapanda nyuma. Na kabla gurudumu halijazunguka, Micro naye akarusha mguu, akajibana nyuma ya docteur, ressort za kiti zikalia.

"Porte-parole habakiaka nyuma!" akatangaza. "Njiani kunaweza kuulizwa swali!"

Dady akazima moto.

Akageuka taratibu. Mshipa wa shingo ulimsimama. Sauti iliyotoka ilikuwa imekaa ndani siku nyingi, na ilikuwa nzito kweli.

"Tonton, shuka."

Micro akashuka, mguu mmoja, halafu wa pili.

"Kumbe!" Chimène akasema, akimpiga Dady begani. "Twende. Na mbele ya papa, rudilia sauti hiyo hiyo."

Moto ikaondoka, na kabla ya kona tukamsikia Dady anaongea, anaongea, anaongea, kama mvua iliyokuwa inadaiwa na msimu.

Micro alibaki katikati ya barabara, suruali imejaa vumbi, anaangalia kona ile mpaka vumbi likatulia. Kisha akarudi kwenye benchi, akakunja nne, akatutazama mmoja mmoja.

"Mumesikia?" akasema. "Ni miye nilimufundisha kusema vile."