Mstari Mwekundu wa Dranya

Kwa furaha isiyo na kifani, Ofisi ya Kanda ya Kuratibu Utayari wa Mafuriko inatangaza kwamba kwa miezi saba mfululizo, kutoka Arua hadi Koboko, hakujatokea mafuriko hata mara moja.

Tangazo hilo nililisoma mimi mwenyewe, Acidri, katibu wa ofisi, kule Dranya mwezi wa nane, mbele ya Mwenyekiti wetu Mzee Ocama, hema mbili na keki. Naomba nieleweke. Maji yalikuwepo, tena mengi, lakini maji si mafuriko. Kwa mujibu wa Mwongozo nilioandika, maji huwa mafuriko yanapogusa mstari mwekundu uliochorwa kwenye ukuta wa ghala la Dranya. Kabla ya hapo ni unyevunyevu.

Tunayo pia boti ya uokoaji, ya injini. Tunaiweka juu Arua Hill, nyuma ya ofisi, ili mafuriko yasiiharibu. Wapo walalamishi wanaosema kutoka pale hadi Dranya ni saa moja na nusu kwa gari. Hao hawajui kutunza mali ya umma. Mtunza stoo wetu, Taban, ana barua yangu yenye muhuri: maji yasipogusa mstari, boti haitoki.

Mwezi wa nne tulinusurika kidogo tu. Mstari ulikuwa usawa wa goti, na maji yakabakiza vidole viwili. Nilituma fundi rangi mbio, akaupandisha hadi usawa wa kifua. Wakubwa wa Kampala walitupongeza.

Siku hiyohiyo alinipigia simu mkulima mmoja wa karanga, anaitwa Driciru.

"Katibu, maji iko ndani ya nyumba. Mama mukwe yangu hawezi kutembea, na kitanda yake inalowa. Leta boti."

"Mama, yamegusa mstari?"

"Mimi iko kwa nyumba, siko kwa mstari."

"Basi huo ni unyevunyevu. Yakigusa, piga tena."

Hakupiga tena. Baadaye nilisikia walimlaza bibi juu ya mlango, wakaufunga mlango kwenye majerikeni matupu, wakamvusha hivyo. Karanga zote zilioza. Nikaandika kwenye ripoti: hali imedhibitiwa kwa ushirikiano na jamii.

Sasa turudi kwenye sherehe. Nilikuwa ukurasa wa tatu mvua ilipoanza. Wananchi walishaondoka; wao walitazama mawingu, sisi tulitazama hotuba. Nilipofika ukurasa wa tano, keki ilikuwa imeelea imekwenda zake na gari letu limezama hadi taa. Mimi na Mwenyekiti tukapanda juu ya meza, migongo kwenye ukuta wa ghala. Maji yalikuwa kwenye vifundo vya miguu yetu. Mstari ulikuwa kwenye magoti.

Nikampigia Taban. "Leta boti, haraka."

"Sawa, Katibu. Maji imegusa mstari?"

"Imekaribia sana."

"Karibu haiko kugusa. Barua yako niko nayo hapa mkononi."

"Taban, barua hiyo niliandika mimi."

"Ndiyo maana naiheshimu, mzee."

Nilijivunia nidhamu yake. Nilitamani pia kumnyonga.

Ndipo akatokea Driciru, anasukuma ule mlango wake wa majerikeni kwa mti mrefu. Akatusalimia, akauliza habari za nyumbani Arua. Tukajibu ni nzuri.

"Mama, tuokoe," akasema Mwenyekiti.

"Nyinyi iko waathirika?"

"Kabisa."

Akautazama ukuta kwa makini. "Mimi naona unyevunyevu."

Mzee Ocama alinitazama vibaya. Sijawahi kuona mtu mzima anatetemeka namna ile kwa sababu ya Mwongozo.

"Mstari itoke kwa ukuta," Driciru akasema. "Iende kwa kitanda ya mama mukwe. Mukitia saini, nabeba nyinyi."

Nikamweleza kwamba marekebisho ya Mwongozo huhitaji kikao.

"Kikao kimefunguliwa," akasema Mwenyekiti. "Hoja imepita. Kikao kimefungwa. Acidri, tia saini."

Nikatia, nyuma ya hotuba, na muhuri juu yake, maana muhuri haunitoki mfukoni. Kisha nikamsomea Taban amri mpya kwa simu. Akasema anaitoa boti sasa hivi. Ilifika maji yakiwa yameshapungua, akaishusha kwenye matope na kunitaka nisaini kwamba imefika salama. Driciru alikuwa ametuvusha zamani, Mwenyekiti kwanza, mimi baadaye, wote chali juu ya mlango.

Ilibaki kazi ya rangi. Tulikuwa tumekuja kwenye sherehe na kopo zima la rangi nyekundu, tukikusudia kuupandisha mstari hadi utosini. Nikaingia nalo nyumbani kwa Driciru, nikapiga magoti kwenye sakafu yenye maji mbele ya kitanda cha bibi, nikachora mstari kwenye mguu wa kitanda, sentimita kumi chini ya godoro. Nilifikiri nimekuwa mkarimu.

Bibi, ambaye walikuwa wameshamrudisha kitandani, aliinama kidogo, akautazama.

"Shusha," akasema.

Nikashusha.

"Shusha tena, mwanangu. Mimi iko na wakati."