Printa ya Wote, Nywila ya Mkuu

Jumatatu asubuhi, mbele ya shule nzima, Mwalimu Mkuu alitangaza kwamba shule imeingia rasmi katika zama za uchapishaji shirikishi. Printa mpya, kubwa kama jokofu, imewekwa chumba cha kompyuta, na mashine zote arobaini za wanafunzi zimeunganishwa nayo. Makofi yakapigwa. Fundi wa kompyuta, mwanamke mpole ambaye wanafunzi walimwita Dada Waya, alipiga mawili tu, maana alijua hakuna hata mashine moja iliyoweza kuiona printa hiyo.

Tatizo lenyewe lilikuwa dogo. Mashine zilitumiwa na wanafunzi wote kwa zamu, na akaunti zao zilikuwa na mipaka: haziongezi kifaa chochote bila nywila ya msimamizi. Dada Waya akamweleza Mkuu kwamba angeweza kuisambaza printa kwa akaunti zote kutoka ofisini, mara moja tu, na kila mwanafunzi akiingia angeikuta inamngoja.

"Itachukua muda gani?" Mkuu aliuliza.

"Dakika kumi, Mwalimu."

Mkuu akavua miwani. "Jambo zito kama hili? Na mwanafunzi atakuwa ameomba ruhusa kwa nani?"

"Haombi. Anaprinti tu."

"Anaprinti tu!" Mkuu akamgeukia karani wake. "Umesikia? Kama yuko sokoni."

Siku hiyohiyo ikaundwa Kamati ya Idhini ya Kuchapisha. Ilikaa vikao vitatu na kutoa mwongozo wa kurasa kumi na nne, ulioandikwa kwa mkono kwa sababu zinazoeleweka. Dada Waya akavuliwa usimamizi. Mkuu akapewa nywila mpya ya herufi ishirini na mbili, na nywila ya akaunti ya akiba ikafungiwa kwenye bahasha kabatini kwa karani. Mwanafunzi akitaka printa atanyoosha mkono, na Mkuu atakuja mwenyewe kumwandikia.

Ijumaa ikawa siku ya fomu za mtihani wa mwisho. Watahiniwa mia na sitini walitakiwa kuprinti kila mtu yake, na dereva wa shule azifikishe ofisi ya mitihani kabla ya saa kumi. Atakayekosa angoje mwaka mzima. Binti wa Dada Waya alikuwa wa mia na kumi kwenye foleni.

Mkuu alianza saa mbili asubuhi kwa bashasha. Alifunika kibodi kwa faili na kubonyeza kwa kidole kimoja, huku akisema, "Usichungulie." Mtahiniwa akishaprinti, mwenzake akaingia kwa akaunti yake kwenye mashine ileile, printa ikatoweka, mkono ukanyooshwa, Mkuu akarudi mbio. Kufikia saa saba shati lilikuwa limemganda mgongoni na fomu arobaini na moja zimetoka.

Kwa mtahiniwa wa arobaini na mbili alikosea nywila mara tatu. Kioo kikaandika: *Akaunti imefungwa. Wasiliana na msimamizi.*

"Msimamizi ni mimi!" Mkuu aliiambia kompyuta.

Kompyuta haikubadili msimamo.

"Karani, lete bahasha!"

Karani alikuja na mwongozo badala yake. Alikuwa mtu wa kufuata utaratibu, na utaratibu alikuwa ameuandika kwa mkono wake mpaka kidole kikaota sugu. "Ukurasa wa tisa, Mwalimu. Asiye na nywila inayofanya kazi ni mtumiaji mwenye mipaka. Atajaza fomu ya maombi, itiwe saini na mzazi au mlezi."

"Mimi nina miaka hamsini na sita!"

"Umri haukutajwa."

Mkuu alimtazama Dada Waya, ambaye alikuwa akitazama saa ya ukutani. "Mwalimu," alisema taratibu, "mama yako si anakaa mtaa wa nyuma tu? Mpigie."

Bibi alifika saa nane na nusu na mwavuli wake, mwalimu mstaafu aliyenyooka kama rula. Watahiniwa wote wakasimama: "Shikamoo, Bibi!"

"Marahaba, wanangu. Huyu amefanya nini tena?"

Akaelezwa. Akaisoma fomu yote, hata maandishi madogo, kisha akafika sehemu ya *Maoni ya mzazi kuhusu mwombaji*. Akaandika bila haraka: *Ana bidii, ila hasikii. Kazi hii apewe fundi.* Akatia saini.

Karani akapekua mwongozo. Maoni ya mzazi, ilisemwa, hayakatiwi rufaa. Bahasha ikaenda mikononi mwa Dada Waya.

Saa tisa kasorobo printa ilijitokeza kwenye mashine zote arobaini, ikanguruma, ikatema karatasi bila kupumua. Binti wa Dada Waya akaipeperusha fomu yake hewani ikiwa bado na joto. Saa tisa na nusu dereva aliondoka na zote mia na sitini.

Chumba kilipotulia, Mkuu alijifuta jasho na kukohoa kiofisi. "Vema. Sasa hiyo nywila irudi kwangu."

"Hakuna shida, Mwalimu," alisema karani akichomoa fomu nyingine. "Saini ya mzazi, hapa chini."

Bibi alikuwa ameshatia kalamu mkobani. "Tumwangalie kwanza," alisema, akichukua mwavuli wake, "mpaka mwisho wa muhula."