Pua Imerudi Kazini

Jumatatu, 3 Juni
Daktari wa Same alisema nikiacha sigara pumzi itarudi, na pua pia. Pumzi imerudi kweli! Leo nimepanda kilima hadi kwa Ernesta, jirani wa juu, bila kusimama. Zamani nilisimama kila mgomba, nikisingizia nauangalia. Hasara ni moja tu: Zebedayo. Tulivuta pamoja barazani kwangu kila jioni, miaka nenda rudi. Sasa haji. Eti kukaa na mtu asiyevuta ni kama kukaa na mchungaji. Mimi nimeacha sigara, yeye kaniacha mimi.

Jumanne, 4 Juni
Pua nayo! Nimesimama mlangoni jioni, makande ya Ernesta yakanifikia yakiwa bado chunguni. Nikachukua fimbo. Huku Bombo anayekuta chakula hafukuzwi, hata awe mchawi. Nikabisha hodi, nikasema napita tu. Ernesta akauliza napita kwenda wapi, maana juu ya kwake ni msitu mtupu. Nikasema naenda kutazama mawingu. Watoto wakacheka mpaka wakapaliwa. Wakagombania nani akae karibu na babu. Nimekula sahani mbili. Mpango mzuri sana huu!

Alhamisi, 6 Juni
Aibu! Harufu ya mahindi yanayochemka. Nikapanda mbio kama kijana. Nimeshanawa mikono, nimeshakaa, ndipo Ernesta akaniambia taratibu kwamba hicho ni chakula cha nguruwe. Pua bado mwanafunzi. Na Zebedayo akawa anapita akitoka msituni, sigara yake mdomoni, akasikia! Akauliza kama wenye chakula wamenikaribisha vizuri.

Ijumaa, 7 Juni
Ernesta kadhani nina njaa. Kaniletea makande mlangoni, bakuli lina mfuniko, ili nisihangaike na kilima kwenye baridi hii. Mwanamke mwema. Kaniharibia kila kitu. Nimekula peke yangu, naangaliana na ukuta. Makande yale yale, ladha hakuna. Nikaogopa pua imekufa tena. Nikanusa sabuni. Nzima.

Jumamosi, 8 Juni
Bakuli halirudishwi tupu. Nimetia ndizi, nikalirudisha saa ya kula. Kwa bahati tu! Ernesta kacheka. Kasema, babu, uwe unakuja tu kukaa na sisi, hata jiko likiwa limezimwa. Nimeitikia. Nikala.

Jumapili, 9 Juni
Leo hakuna harufu. Nasikia watoto wa Ernesta wanacheka kule juu. Niende kufanya nini? Mtu haendi kwa watu bila sababu. Nimefungua madirisha yote, pua juu. Upepo mkaidi, unatoka bondeni. Umeniletea sigara ya Zebedayo. Namwona kule chini, kajikunyata barazani kwake peke yake, anakohoa, anatazama huku kwangu. Mjinga yule! Si aje tu akae? Nani atamfukuza?

Nimegeuza kiti kitazame mlimani. Nangoja upepo ubadilike.